Namna ya Kusoma, Kutumia na Kufasiri Kitenzi cha Kiingereza “Deem”

Mtu anayeishi Nairobi na kushughulika na karatasi, awe mpangaji, karani, mwanafunzi wa sheria au katibu wa chama, hawezi kukikwepa kitenzi cha Kiingereza “deem”. Kimo katika mikataba ya nyumba, katika barua za ajira, katika sheria za ushuru na katika Katiba yenyewe. Kamusi nyingi humaliza habari zake kwa neno moja au mawili, kama vile “ona” na “dhani”, na msomaji anayeishia hapo huamini kwamba “deem” ni “think” iliyovalishwa suti. Sivyo hata kidogo. Kitenzi hiki kina kazi mbili ambazo haziko karibu, na anayezichanganya anaweza kutia sahihi jambo asilolielewa. Hatua zifuatazo ndizo anazozipitia mhariri au mfasiri makini anapokutana nacho. Baadhi yake ni fupi, na ile ya tatu ni ndefu kwa kuwa hapo ndipo watu hupotezea nyumba, viti na pesa.

Hatua ya 1: Jua sauti, umbo na asili yake

Hutamkwa kwa irabu ndefu, kama kwamba kimeandikwa “diim”. Ukiifupisha irabu hiyo unapata “dim”, neno la taa isiyomulika vizuri. Mnyambuliko wake hauna matata: “deem”, “deems”, “deemed”. Umbo la “deeming” lipo, ila halitumiki kueleza jambo linaloendelea, na sentensi inayoanza kwa “I am deeming” humshtua msomaji yeyote wa Kiingereza sanifu. Nalitaja hili kwa sababu Kiingereza chetu cha Nairobi hupenda kuvitia vitenzi vya hali katika muundo huo, kama katika “I am not understanding”, na mazungumzoni watu husameheana. Katika barua rasmi hawasameheani.

Asili yake inafaa kujulikana kwa sababu ndiyo inayoeleza tabia yake. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilikuwa “dēman”, yaani kutoa hukumu, na kilitokana na nomino “dōm”, hukumu, ambayo leo imebaki kama “doom”. Rejista kubwa ya ardhi na mali iliyoandaliwa Uingereza mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza ilikuja kuitwa Domesday Book, kwa kuwa watu waliona kwamba yaliyoandikwa humo hayana rufaa, sawa na hukumu ya siku ya kiyama. Katika kisiwa cha Isle of Man majaji wa Mahakama Kuu huitwa Deemster mpaka leo. Kwa hiyo kitenzi hiki kilizaliwa mahakamani, na hata kinapotumika nje ya mahakama bado kinamtaka mwenye mamlaka ya kuamua. Usikihusishe na “redeem” wala “esteem”. Hayo mawili yametoka Kilatini, na mfanano wao ni wa sauti tu.

Hatua ya 2: Mtafute anayeamua

Kazi ya kwanza ya “deem” ni kueleza maoni yaliyofikiwa na mtu au chombo chenye haki ya kuyatoa. Ukisoma “The committee deemed the bid too high”, unaambiwa kwamba kamati, baada ya kuitazama zabuni, iliiona kuwa ya bei ya juu mno, na kwamba uamuzi huo una uzito kwa sababu kamati ndiyo iliyopewa kazi hiyo. Linganisha na mtu anayetoka kibandani na kusema “I deem this chapati delicious”. Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini kila anayesikia atacheka, kwa kuwa hakuna aliyempa mla chapati kiti cha ujaji. Ukitaka kutoa maoni yako ya kawaida, “think” na “find” zinatosha. “Consider” hukaa katikati, na inafaa kwa maoni yaliyofikiriwa lakini yasiyo na amri ndani yake.

Muundo wake ni mwepesi. Baada ya kitenzi huja yambwa, kisha kivumishi au nomino inayoielezea: “They deemed the house unsafe”, “They deemed the meeting a success”. Waweza kuingiza “to be” katikati bila kubadilisha maana. Usichoweza kuingiza, ikiwa unaandika kwa makini, ni “as”. Watu wengi huandika “deemed as unsafe” kwa kuigiza “regarded as unsafe”, na wapo hata waandishi wa magazeti wanaofanya hivyo, lakini mhariri mzuri ataifuta “as” hiyo bila kufikiri mara mbili. Panapokuwa na tendo badala ya yambwa, Kiingereza huhitaji “it” tupu ya kushika nafasi: “The landlord deemed it necessary to repair the roof”. Anayeisahau “it” hiyo ameandika sentensi kilema.

Shida halisi ya kazi hii ya kwanza iko katika kauli ya kutendwa, ambapo anayeamua hufichwa. Barua ya ajira inaposema kwamba mfanyakazi atatekeleza “any other duties deemed necessary”, sarufi haina dosari ila swali muhimu halijajibiwa: ni nani atakayeona kuwa kazi hizo ni za lazima? Kwa kawaida ni mwajiri, na mwajiri hujua hivyo. Usione haya kuomba jina la cheo liandikwe, kwa mfano “deemed necessary by the Head of Department”, maana bila hivyo kila msimamizi atakayepita ofisini atakuwa na kazi ya kukupa.

Mahali ambapo anayeamua hutajwa waziwazi, tena kwa heshima zote, ni katika hati za mahakama. Ombi linalowasilishwa katika mahakama za Milimani, Nairobi, baada ya kuorodhesha amri zinazotakiwa, kwa desturi humalizia kwa kuomba nafuu nyingine yoyote ambayo “this Honourable Court may deem fit and just to grant”. Mlalamishi anakiri kwamba huenda kuna haki ambayo hakuitaja, na anamwachia jaji aione mwenyewe. Katika maneno hayo “deem” imerudi nyumbani kwake kabisa.

Hatua ya 3: Jiulize kama sentensi inatoa maoni au inaweka kanuni

Kazi ya pili ndiyo yenye meno. Katika sheria na mikataba, “deem” haielezi mtu anavyoona jambo. Inaamuru jambo lihesabiwe kuwa hivi, hata kama katika hali halisi si hivyo. Mtu anaweza kuwa hajajiuzulu na akahesabiwa amejiuzulu, na barua inaweza kuwa haijasomwa ikahesabiwa imepokewa. Wanasheria huita hili dhana bunifu ya kisheria: uwongo unaojulikana na wote, uliokubaliwa kwa sababu unarahisisha kazi.

Dalili zake ni mbili. Ya kwanza ni “shall be deemed” au “is deemed”, bila kutajwa mtu yeyote anayefanya hukumu, kwa sababu anayehukumu ni maandishi yenyewe. Ya pili ni “to have” inayofuata, ambayo hurudisha tendo nyuma: “to have resigned”, “to have been received”. Ukiona “deemed” na “to have” pamoja, weka kalamu chini na usome upya, maana kuna jambo linalotangazwa kuwa tayari limetokea.

Mfano ambao Wakenya wameusikia mara nyingi kwenye taarifa za habari unatokana na siasa za vyama. Ibara ya 103 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba kiti cha mbunge kitakuwa wazi ikiwa aliyechaguliwa kupitia chama amejiuzulu kutoka chama hicho au “is deemed to have resigned”, kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Sheria hiyo ni ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011, na kifungu chake kimoja kinayataja matendo yanayohusika, miongoni mwao kuunda chama kingine, kujiunga na chama kingine, na kuendeleza itikadi au maslahi ya chama kingine. Mbunge anaposimama mbele ya kamera akasema kwamba hajawahi kuandika barua ya kujiuzulu, huenda anasema kweli tupu, lakini hajajibu hoja. Kifungu hakiulizi kama aliandika barua. Kinauliza kama alitenda mojawapo ya matendo yaliyotajwa. Mwenye kujitetea kwa busara hubishana kuhusu matendo hayo, kwa mfano kwamba kuhudhuria mkutano wa chama kingine si kuendeleza itikadi yake.

Dhana hii humfaa pia mwananchi wa kawaida. Chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, mlipa ushuru aliyepinga makadirio kwa njia halali anastahili kupata uamuzi wa Kamishna katika siku 60, na siku hizo zikipita bila jibu, pingamizi lake “shall be deemed to be allowed”. Ukimya wa ofisi unageuzwa kuwa ndiyo. Ndiyo maana mhasibu mzuri wa jijini hutunza ushahidi wa siku pingamizi lilipopokewa kama anavyotunza fedha taslimu.

Sasa tukiangalie kwa karibu kifungu cha aina inayopatikana katika mikataba mingi ya nyumba za kupangisha: “Any notice left at the premises shall be deemed to have been received by the tenant on the following day.” Chukua mpangaji wa Kasarani aliyesafiri Kakamega kwa mazishi. Wakala wa nyumba anafika Ijumaa na kuipenyeza notisi chini ya mlango. Kwa mujibu wa kifungu hicho, Jumamosi notisi imeshapokewa, ingawa mpangaji yuko matangani na mlango umefungwa kwa kufuli. Anaporudi baada ya wiki moja na kusema, “Sikuiona,” wakala hatamkatalia. Atamwonyesha kifungu tu, na siku za notisi zitaendelea kuhesabiwa kutoka Jumamosi ile. Neno lililobeba mzigo wote ni “deemed”. Lingeondolewa, sentensi ikasema “shall be effective when received by the tenant”, wakala ndiye angelazimika kuthibitisha kwamba notisi ilimfikia mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, tafuta kila “deemed” katika mkataba, ipigie mstari, na pembeni uandike kwa Kiswahili jambo ambalo litahesabiwa limetokea hata kama halikutokea. Kisha uliza kama unaweza kuishi nalo. Kuomba kifungu kiongezewe kwamba nakala itumwe kwa simu au kwa barua pepe si ukorofi, na wakala mwenye akili hukubali kwa kuwa hapotezi kitu. Kumbuka vilevile kwamba mkataba hauwezi kuzifuta kinga za sheria. Mpangaji wa duka anayelindwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayohusu upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, kwa mfano, hawezi kuondolewa ila kwa utaratibu wa sheria hiyo, haidhuru mkataba wake umeandikwa kwa ufundi gani.

Hatua ya 4: Angalia kama kuna mlango wa kutokea

Si kila “deemed” hufunga mjadala. Baadhi ya sheria huacha mlango kwa kuongeza “unless the contrary is proved”, yaani isipothibitishwa vinginevyo. Mfano mzuri uko katika Sura ya 2 ya Sheria za Kenya, inayohusu ufasiri wa sheria, katika kifungu cha kupeleka hati kwa posta. Hati ikiwekwa kwenye barua yenye anwani sahihi, ikalipiwa na kutumwa kwa rejista, inahesabiwa kuwa imefikishwa. Ama kuhusu wakati ilipofika, inahesabiwa kuwa ilifika wakati ambao barua hiyo ingefika kwa mwendo wa kawaida wa posta, ila hapo aliyetumiwa anaruhusiwa kuthibitisha vinginevyo. Sentensi moja ina dhana mbili, na moja ndiyo iliyoachiwa mlango. Msomaji wa haraka hazitofautishi.

Tofautisha pia na “presume”, ambayo kwa maumbile yake huacha nafasi ya ushahidi. Ibara ya 50 ya Katiba inampa kila mshtakiwa haki ya “to be presumed innocent until the contrary is proved”. Ibara ya 14 nayo inasema kwamba mtoto anayepatikana nchini, anayeonekana kuwa na umri wa chini ya miaka minane, na ambaye uraia wake na wazazi wake hawajulikani, “is presumed to be a citizen by birth”. Wanaotunga sheria wangetaka kuufunga mlango katika ibara hizo wangetumia lugha nyingine. Na mara nyingine dhana ileile huwekwa bila “deem” kabisa: Ibara ya 115 inasema kwamba Mswada ambao Rais hajautia sahihi wala kuurudisha Bungeni katika siku 14 “shall be taken to have been assented to”. Binafsi naona “taken” ni bora, kwa kuwa raia asiye mwanasheria huielewa mara moja, na laiti watungaji wa mikataba wangeiiga.

Hatua ya 5: Chagua Kiswahili kinacholingana na kazi yake

Ukishajua ni kazi ipi, ufasiri hauna kizungumkuti. Kwa maoni ya mwenye mamlaka, tumia “ona kuwa” au “amua kuwa”: kamati iliiona zabuni kuwa ya bei ya juu mno, mahakama itoe amri nyingine yoyote itakayoona inafaa. “Hukumu” ni nzito kupita kiasi nje ya kesi, na “dhani” ni nyepesi kupita kiasi popote pale.

Kwa dhana ya kisheria, tumia “hesabiwa kuwa” au “chukuliwa kuwa”, pamoja na wakati timilifu panapokuwa na “to have”: atahesabiwa kuwa amejiuzulu, notisi itahesabiwa kuwa imepokewa. Nazipendelea zile zenye “hesabiwa”, kwa sababu wasomaji wengi, hasa waliokulia kanisani na kuzoea maneno “kuhesabiwa haki”, tayari wanajua kwamba mtu anaweza kuhesabiwa kuwa na hali ambayo kwa matendo yake hakuistahili. “Chukuliwa” haina kosa, lakini ndiyo pia inayotumiwa kwa “presumed”, na ukiitumia kwa zote mbili unaifuta tofauti ambayo mtunga sheria aliiweka kwa makusudi. Wengine huandika “atadhaniwa kuwa amejiuzulu”. Hapo maana imegeuzwa juu chini, kwa sababu anayedhaniwa anaweza kujieleza na dhana ikaondoka, ilhali aliyehesabiwa ameshahesabiwa.

Hatua ya 6: Ukiitumia mwenyewe, andika na mlango wake

Wengi wetu hatutungi sheria za Bunge, lakini tunatunga katiba za vyama vyetu vya akiba, na katibu anayenakili maneno ya mawakili huleta “deemed” chamani bila kujua ameleta nini. Kifungu kinachopendwa ni hiki: “A member who misses three consecutive meetings shall be deemed to have resigned.” Ukisomee kikao kwa Kiswahili na uone kitakachotokea. Lazima kuna mama atakayeinua mkono na kuuliza, “Kwa hivyo, katibu, nikilazwa hospitali nikakosa mikutano mitatu, nimejitoa?” Jibu la kweli ni, “Kwa maandishi haya, mama, ndiyo.” Kifungu hakijamwachia mwenyekiti wala wanachama nafasi ya kuamua, kwa kuwa maandishi yenyewe yameshaamua.

Ikiwa chama kinataka kuwe na hiari, basi kitumie kazi ya kwanza na kimtaje anayeamua: “The committee may, if it deems fit, remove a member who misses three consecutive meetings.” Hapo kamati itamsikiliza mgonjwa, na itamwondoa mtoro. Ikiwa kinataka kanuni iwe kali lakini isiwe ya kidhalimu, kiendelee na kazi ya pili na kiongeze mlango: “shall be deemed to have resigned unless the member gives the secretary a written reason within fourteen days of the third meeting”. Kwa Kiswahili: mwanachama atakayekosa mikutano mitatu mfululizo atahesabiwa kuwa amejiuzulu, isipokuwa awe amempa katibu sababu kwa maandishi katika muda wa siku 14 tangu mkutano wa tatu.

Katika kifungu cha namna hiyo, angalia pia kama katiba inasema akiba ya aliyehesabiwa amejiuzulu itarudishwa lini na kwa utaratibu gani, kwa sababu kifungu kikimtoa mtu chamani pasipo kutaja fedha zake, kikao kitakachofuata hakitazungumza habari za sarufi.